Laini ya nyumbani usiichomoe

Safari yangu ya kwanza ya Dubai niliondoka Unguja na mkoba mzima wa waya. Chaja mbili, pawabanki mbili, hedfoni, simu ya akiba, na adapta niliyouziwa Darajani na kijana aliyeniapia kwamba huko bila adapta simu haipati moto. Adapta ile hadi leo imo ndani ya karatasi yake. Nilipoingia chumbani Deira, mtaa wa huko Dubai, nikaangalia ukutani, nikakuta matundu matatu ya mraba, yale yale ya kwetu. Mwingereza alikaa huku, akakaa na kule, plagi yake akaiacha pote pawili. Oman hali kadhalika. Wa kuhangaika na adapta ni yule anayekwenda Uturuki, ambako matundu ni mawili ya duara, au anayempeleka mgonjwa India, ambako ni ya duara pia.

Nilichokihitaji kweli kilikuwa kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na ndicho nilichokipoteza.

Ilikuwa hivi. Uwanjani nilinunua laini ya huko. Kijana wa kaunta akaichomoa ya nyumbani, akachomeka yake, yangu akanipa mkononi kama mtu anayerudisha chenji. Nikaizongea kwenye kipande cha tiketi, nikakitia mfuko wa shati. Kesho yake shati likaenda kwa dobi.

Siku ya tatu nimesimama dukani, mzigo ushafungwa kamba, namalizia malipo kwenye programu ya benki ya nyumbani. Programu ikanambia niandike tarakimu sita nilizotumiwa. Nimetumiwa wapi? Kwenye laini iliyokwishafuliwa na kupigwa pasi. Mwenye duka akanitazama, nami nikamtazama. Laini zetu husajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo kuirejesha iliyopotea lazima uende mwenyewe ukaweke kidole. Kidole changu kiko Deira, wakala yuko Michenzani. Binamu yangu niliyefuatana naye ndiye aliyenikopesha, na mkopo ule kausimulia katika kila harusi tuliyokutana mwaka mzima.

Tangu hapo, mtu akinijia kuniuliza asafiri na simu gani, namuuliza kwanza laini yake ataiweka wapi. Kwangu mimi laini ya nyumbani haitoki ndani ya simu, basi. Humo mna benki yako, mna pesa zako za simu, mna namba ambayo mama yako anaijua kwa moyo. Unaifungulia rominga, yaani ruhusa ya laini kufanya kazi nchi za nje, kabla hujapanda ndege, maana ukishatoka nchini kuwapata watu wa huduma kwa wateja ni mtihani mwengine. Kisha unazima data yake, unaiacha hewani ipokee ujumbe. Kupokea ujumbe mfupi kwa kawaida hakulipishwi, ila muulize mwenye mtandao wako usije ukanilaumu. Data ndiyo inayofilisi. Simu janja haina adabu: ukilala, yenyewe inaamka kujisasisha programu na kupakia picha zako, na asubuhi salio limekwisha.

Na hapa tuna bahati ambayo hatuithamini. Simu za laini mbili tulizinunua kwa shida zetu wenyewe, mtandao huu bando lake rahisi usiku, ule unashika vizuri shamba. Safarini shida hiyo inageuka neema. Laini ya ugenini inakaa tundu la pili kwa ajili ya intaneti, ya nyumbani inabaki pale pale. Tena WhatsApp haijali laini gani imo ndani ya simu. Inakwenda na namba uliyojisajili nayo. Ikikuuliza kama umebadilisha namba, kataa. Nimewaona watu waliokubali, na jamaa zao wakaamini ni tapeli anayeomba pesa kwa jina la mtu wao.

Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou wana sababu nyengine ya kuishika laini ya nyumbani. China imefunga WhatsApp na Google. Ukitumia intaneti ya hoteli au laini ya huko, hupati kitu. Lakini laini ya kigeni iliyo kwenye rominga, data yake hurudishwa kwanza kwenye mtandao wake wa nyumbani ndipo iingie intaneti, kwa hiyo kwa huo mtandao wewe ni kama uko Mlandege, Unguja. WhatsApp inafunguka. Hapo bei ya rominga, ingawa inauma, mtu anailipa huku akishukuru, anatuma picha ya mzigo, anapata jibu, anaizima.

Bei yenyewe ndiyo malalamiko yangu. Mtaliana akitua Paris, tangu Juni 15, 2017 analipa kama yuko kwao, kwa sababu Umoja wa Ulaya uliamuru hivyo. Hata hapa jirani, mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mpango wa kushusha gharama za simu baina yao, na Tanzania haikuwemo katika walioanza. Sisi watu wa visiwani, ambao tangu enzi za majahazi riziki yetu iko ng'ambo, ndio ilikuwa tuwe wa mwanzo kulipigia kelele jambo hili. Badala yake tunashindana kununua pawabanki.

Ingawa pawabanki usimcheke Mzanzibari. Waya wa umeme wa baharini kutoka Bara ulipokufa Desemba 2009, Unguja tulikaa gizani hadi Machi 2010. Aliyewahi kupanga foleni kwa mwenye jenereta ili simu yake ichajiwe nusu saa, huyo akisafiri hataki kusikia asilimia ishirini. Mimi ni mmojawapo. Lakini jua sheria. Pawabanki haiingii kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, inakaa nawe juu, kwa sababu betri ya lithiamu ikiwaka huko chini hakuna wa kuizima. Kiwango cha kawaida kisichohitaji ruhusa ni wati-saa 100. Kama yako imeandikwa mAh 20,000, zidisha kwa volti 3.7 kisha gawanya kwa 1,000: unapata 74, uko salama. Na Emirates tangu Oktoba 1, 2025 wanaruhusu moja tu kwa abiria, nayo marufuku kuitumia ndani ya ndege. Zile mbili zangu moja ingebaki uwanjani.

Jengine kwa wanaorudi na simu za kuuza au kuwazawadia wadogo zao. iPhone zilizotengenezwa kwa soko la Marekani kuanzia toleo la 14, la mwaka 2022, hazina tundu la kadi kabisa. Zinatumia laini isiyoshikika, iitwayo eSIM, inayopakiwa ndani ya simu kwa kupiga picha alama ya QR. Dukani utaiona inameta, bei nzuri, utafika nayo Unguja uigeuze pembeni utafute pa kuchomeka laini. Igeuze huko huko dukani.

Nirudi Deira, maana lipo ambalo sijalisema. Nilipokuwa bila laini ya nyumbani, mama yangu yuko Wete, Pemba, kwake simu ni WhatsApp. Kule Dubai simu za sauti za WhatsApp zimezuiwa. Serikali yao inaruhusu programu zilizosajiliwa tu, kama Botim. Mimi nilikuwa nalijua hilo kwa kusikia. Mama hakulijua hata kwa kusikia. Alipiga, simu ikaita, nikaipokea, ikaandika inaunganisha, inaunganisha, kimya, ikakatika. Akapiga tena. Mara saba, nilihesabu. Mwisho ukaingia ujumbe wa sauti.

"Mwanangu, n'kipiga wapokea kisha wanikatia. N'mekukosa nini?"

Nikamrekodia sauti nikamweleza: mama, huku wamefunga, mimi sikukatii. Ujumbe wa sauti unapita, kupiga ndiko hakupiti. Alinyamaza siku nzima. Laini ya nyumbani ingekuwa hewani angenipigia moja kwa moja, sauti ya kawaida, ningelipia hizo dakika mbili za rominga na roho yangu ingetulia. Badala yake nililala na ile "n'mekukosa nini".

Alfajiri yake simu ikalia. Ujumbe wa sauti, dakika nne na nusu. Dakika ya kwanza jogoo anawika na mama anauliza watu wa nyumbani kama kitufe kimeshika. Ya pili na ya tatu salamu, jina kwa jina, hata za majirani. Kisha akasema kaambiwa na mjukuu wake kwamba ni kweli wamefunga, na kwamba nikirudi nimletee simu ambayo haitakatika hivyo, na taa ya kuchaji.