Shinkolobwe: kuwahamisha watu ni jambo moja, kukifuta kijiji ni jingine

Mtu akilitaja jina la Shinkolobwe hapa Lubumbashi, mazungumzo hukimbilia Hiroshima. Si ajabu, kwa kuwa sehemu kubwa ya urani ya bomu lile ilitoka katika mgodi huo, ulio kiasi cha kilomita 20 magharibi mwa Likasi, huku kusini mwa Kongo. Lakini kando ya mgodi waliishi watu, wakapika, wakazaa na kuzika, na bado kuna ubishi kama serikali ilitenda haki ilipokibomoa kijiji chao mwaka 2004.

Kwa kweli vilikuwa vijiji viwili. Robert Rich Sharp aligundua madini hayo mwaka 1915, na Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya madini, ikaanza kuyachimba kwa ajili ya radiamu, iliyosafishwa Olen, Ubelgiji. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni hiyo ilikuwa na siasa ya kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao: nyumba ni ya kampuni, posho ni ya kampuni, zahanati na shule vilevile. Aliyeacha kazi aliacha na nyumba. Ndiyo maana, mgodi ulipofungwa kuelekea uhuru wa 1960 na mashimo yake kuzibwa kwa zege, jumuiya ile haikufifia kama kijiji ambacho vijana wake wanakimbilia mjini. Kazi ilikwisha, na haki ya kukaa pale ikaisha nayo. Kijiji cha pili kilizuka mwishoni mwa miaka ya 1990, Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ikiwa hoi, pale wachimbaji wadogo walipokuja kutafuta kobalti kwa sururu na mikono mitupu, na familia na wachuuzi wakawafuata.

Hoja za wanaoitetea serikali ni nzito. Amri ya rais ya Januari 2004 ilikuwa imekwisha kupiga marufuku uchimbaji, na mwezi wa Julai sehemu ya mgodi ikaporomoka na kuua watu wasiopungua 8. Mawe meusi ya kobalti yaliyojazwa kwenye magunia yalikuwa yamechanganyika na urani, na vumbi lake halikubaki shimoni: liliingia nyumbani kwa nguo za baba. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliozuru mahali hapo mwishoni mwa mwaka huo walionya juu ya mnururisho na juu ya maporomoko pia. Katika hili nasimama na serikali, kwani sijasikia mtetezi yeyote wa kijiji akilijibu swali la vumbi.

Upande wa pili una hoja ambayo haiondolewi na vumbi. Wataalamu walewale walisema kwamba watu hao wanahitaji njia nyingine ya kuishi, kwa sababu mchimbaji aliyefukuzwa shimo moja bila kupewa kazi hutafuta shimo jingine. Na zaidi ya riziki kuna historia. Mawe ya Shinkolobwe yameandikwa vizuri mno. Tunajua kwamba Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 mwaka 1940, kwamba jeshi la Marekani lilizinunua mwaka 1942, na kwamba madini yale yalikuwa na takriban asilimia 65 ya oksidi ya urani. Bekereliti, kuriti na sklodowskiti, madini ya rangi ya njano na ya machungwa yanayopendeza macho, yalielezwa na wanasayansi kwa mara ya kwanza kutokana na vipande vya pale, na jina la Shinkolobwe limo katika makumbusho ya nchi za mbali. Waliovitoa vipande hivyo ardhini hawamo.

Wapo wanaojibu kwamba hapakuwa na jumuiya ya kuandikiwa historia, bali wageni waliofuata kazi, kwanza ya kampuni, kisha ya magendo. Hoja hii naikataa kabisa. Lubumbashi yenyewe ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, ikajazwa na watu walioletwa kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini. Hata hivyo, mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianzisha mradi wa kukusanya kumbukumbu za wakazi wa mji, na hakuna aliyesema kwamba si wenyeji wa kutosha. (Wengi wetu tungeshindwa mtihani huo.)

Kinachotakiwa hakihitaji mtu yeyote kurudi eneo lililofungwa. Aliyekuwa mtoto wa kambi mwaka 1960 ana zaidi ya miaka 65 leo. Aliyekuwa kijana wa shimoni mwaka 2004 yuko katika miaka ya arobaini. Wanaweza kuulizwa huku mjini, Likasi au Kolwezi, maji yalitekwa wapi, nyumba zilipangwaje, nani alizikwa upande gani, na majibu yao yakachorwa kwenye ramani. Kazi hiyo ianze na wa kambi, kwa sababu ni wao wanaopungua haraka zaidi.