Mjomba, simba amepoteza nini?

Mpwa wangu ana miaka sita na maswali ya wakili. Agosti nilimpeleka kwenye maonyesho, na baada ya kuzungushwa mabanda ya matrekta na kugawiwa kalenda za mwaka unaoelekea kwisha, tukafika alikokuwa akikudai tangu asubuhi: kwa simba. Foleni, vumbi, jua la saa nane. Mbele kabisa palikuwa na kizimba cha nondo, sakafu ya saruji, dumu la mafuta lililokatwa ubavu, na ndani yake maji ya vuguvugu na jani moja likielea. Simba mwenyewe alikuwa anakwenda na kurudi. Nilihesabu: hatua saba, anageuka, hatua saba. Kila akigeuka bega lile lile linasugua nondo ile ile, mpaka rangi imetoka na chuma kinang'aa. Jamaa mmoja akamrushia karanga. Simba. Karanga.

Mpwa akanivuta suruali.

"Mjomba, simba amepoteza nini?"

"Kwa nini?"

"Si anatafuta. Ila anatafuta hapo hapo tu."

Nilimnunulia aiskrimu, ambayo ndiyo njia yangu ya kujibu maswali magumu. Lakini tangu siku hiyo pale mezani kwangu Nkuhungu kuna daftari la mistari lenye ramani ya bustani ya wanyama ambayo Dodoma haina na, kwa mfuko wangu, haitakuwa nayo. Mimi ndiye mkurugenzi, mhandisi na bodi nzima. Azimio la kwanza la bodi lilipita bila kupingwa: simba hayumo.

Najua. Kijiweni nimeshaambiwa kwamba bustani isiyo na simba ni harusi isiyo na pilau. Sawa. Lakini simba wako Ruaha, wanatembea kwao, hawajafa. Mtoto wa Chang'ombe anachokosa ni basi la kumfikisha huko. Hela ya kumnunulia simba mmoja nyama mwaka mzima kodisheni Kosta, mjaze watoto, tumemalizana.

Langoni namweka tembo, wa saruji, tena mgongo tu. Wazee wa Kigogo husimulia kwamba tembo alikuja kunywa kwenye kijito akazama, watu wakasema "idodomya", amezama, na mji ukapata jina hapo. Basi mgongo na masikio vitokeze mchangani, watoto wateleze juu yake. Anayetaka sanamu ya tembo aliyeinua mkonga akatafute mji mwingine. Wa kwetu alizama.

Ukishapita tembo unakuta mwamba, na hapa ndipo daftari limechafuka kwa kufutwa na kuchorwa upya. Dodoma tumepewa mawe bure, milima ya mawe mpaka katikati ya mji, na akili tuliyoipata ni kuyaponda kokoto. Mimi nauacha mwamba kama ulivyo, na nyufa zake, na migunga iliyojiotea, nauzungushia ukuta tu. Wapangaji ni watatu: mbuzimawe, pimbi na kobe bapa.

Mtaani ukimwita mtu pimbi umemtukana. Laiti tungejua. Huyu mnyama mwenye ukubwa wa sungura ni ndugu wa tembo kwa ukoo. Meno yake mawili ya juu hayaachi kukua, kama pembe za tembo, na jike hubeba mimba zaidi ya miezi saba, wakati mbwa anayemzidi umbo mara kadhaa anamaliza kazi kwa miezi miwili. Baridi ya Julai ikishapasua watu midomo, pimbi hutoka wote asubuhi na kuanika matumbo juani, wamebanana kama wastaafu wanaosubiri benki ifunguliwe. Kobe naye ganda lake limelala bapa kama chapati, tena linabonyea. Akiona hatari hajifungi ndani kama wenzake. Anakimbia. Kobe, anakimbia! Anajisokomeza kwenye ufa wa jiwe, na kumtoa humo uwe na siku nzima. Jike hutaga yai moja moja, na miaka mingi watu wamewaokota kwenye miamba kama hii yetu wakawauza nje wafugwe majumbani, hadi mwaka 2019 biashara ya kimataifa ya wale wa porini ikapigwa marufuku.

Sasa mgeni atalipa kiingilio, atasimama nusu saa mbele ya mwamba, na asimwone kobe. Atadai hela yake. Nitamwambia, mzee wangu, karibu tena kesho. Hapa ndipo ninapogombana na kila mtu niliyemwonyesha ramani, hata mke wangu. Wote wanataka kuona. Nani kasema kiingilio kinanunua kuonekana? Ukienda kumtembelea shangazi ukaambiwa amelala, unavunja mlango? Kila mnyama kwenye bustani yangu atakuwa na mahali ambapo jicho la mtu halifiki, na mahali hapo patajengwa kwanza, kabla ya vyoo, kabla ya kibanda cha tiketi. Yule simba wa Agosti hakuwa hata na kona ya kutupa mgongo. Pande zote nne watu, simu na karanga. Ukimnyang'anya mnyama pa kujificha umebaki na televisheni yenye harufu, na mimi televisheni ninayo nyumbani.

Wataniambia nondo zilishapitwa na wakati. Ni kweli, Mjerumani Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama, alifungua bustani yake Hamburg mwaka 1907 akaweka mahandaki badala ya nondo, na dunia ikaiga. Lakini angalia vizuri ni nani aliyepunguziwa kero pale. Mtazamaji! Yeye ndiye haoni tena chuma. Simba bado havuki. Halafu bwana huyo huyo alikuwa akizungusha hata binadamu kwenye maonyesho yake huko Ulaya, kwa hiyo ufundi wake nauchukua kwa ncha za vidole, pua nimeziba.

Baada ya mwamba kuna tembe. Tembe kubwa kabisa, kuta nene za udongo, paa bapa, ndani giza na ubaridi kama kwa bibi. Hapo ndipo wanapokaa wa usiku: komba, nungunungu, mhanga. Taa zitawaka usiku, na mchana zitazimwa, wanyama wageuze saa, nasi tuwakute macho. Umeme ukikatika mchana hakuna mgeni atakayejua.

Chumba cha mwisho cha tembe ni cha kakakuona, na hakina kitu. Kakakuona anakula mchwa na sisimizi, na ukimfungia mara nyingi anakufa tu, hata umbembeleze vipi. Kwa hiyo mlangoni patakuwa na kibao: "Hayumo." Sakafuni nitapanga jembe, kibuyu cha maji, unga na mkuki, kama wanavyofanya vijijini bwana mganga, yaani kakakuona mwenyewe, akijitokeza, watazame atakiendea kipi wajue mwaka utakuwa wa mvua au wa vita. Watoto watachagua wenyewe.

Kasuku wetu wadogo wenye uso mweusi na shingo ya njano sitawajengea chochote. Ulaya wanafugwa kwenye vitundu. Hapa nina mibuyu yenye mashimo.

Shemeji yangu anasema hizi zote ni jela, hata yenye tembe. Ningependa sana kumpa ushindi ili tuendelee kula. Lakini kuna chura wa Kihansi, yule mdogo wa njano anayezaa watoto kamili badala ya kutaga mayai, aliyekuwa akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi kule Udzungwa na kwingine popote hayupo. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakakauka. Mwishoni mwa mwaka 2000 walichukuliwa vyura 499 wakapelekwa Marekani. Mwaka 2009 porini wakatangazwa kwisha. Waliobaki walikuwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, hizo hizo "jela", na huko ndiko walikotoka kurudishwa nyumbani, hadi wakaachiwa tena bondeni kwao mwaka 2012. Inauma kukiri, ila bila wale wageni na vioo vyao tungebaki na picha. Shemeji alinyamaza, akaomba chachandu.

Na chura huyo kwangu hayumo vilevile. Kumnyunyizia ukungu usiku na mchana hapa Dodoma, kwenye mtaa ambao bomba linatoa upepo siku tatu kwa wiki? Majirani watanichoma moto pamoja na chura.

Jumapili mpwa alikuja, nikamfungulia ramani yote. Alipenda mgongo wa tembo. Chumba cha kakakuona alikitazama muda mrefu, akachagua maji. Halafu akapitisha kidole ukurasa mzima, mara mbili.

"Simba yuko wapi?"

Nikamweleza azimio la bodi. Akafikiri huku akitafuna kofia ya kalamu yangu.

"Mjomba, weka mmoja tu. Ila awe na mlango wa nyuma."

Nimeuchora. Unatazama Pori la Akiba la Swagaswaga, na komeo liko upande wa simba.