Mkutano wa dharura: laini ikikatika, maamuzi yasimame

Hapa California, mikutano ya hadhara ya serikali za mitaa inaongozwa na sheria ya mwaka 1953, Brown Act. Korona ilipoingia, gavana aliilegeza ili mabaraza ya miji yakutane kwa simu na intaneti, na mwaka 2021 utaratibu huo wa dharura ukaingizwa kwenye sheria yenyewe kupitia muswada wa AB 361. Humo mna kifungu ninachokitamani Tanzania kuliko mitambo yote: matangazo ya mkutano yakikatika, baraza haliruhusiwi kuamua ajenda yoyote mpaka yarudi. Wala haliwezi kuwalazimisha wananchi kutuma maoni mapema. Lazima wasikilizwe papo hapo.

Simu ya kitochi inatosha. Ukishaunganishwa na mkutano wa Zoom unabonyeza nyota 9 kunyoosha mkono, karani anakuita kwa tarakimu za mwisho za namba yako, unabonyeza nyota 6 kufungua sauti. Kinachovuruga zaidi ni mtu kuongea kwenye simu huku kompyuta yake ikitangaza mkutano uleule. Sauti ya kompyuta inachelewa kidogo, inaingia tena kwenye simu, na dakika zake 2 au 3 za kuzungumza zinaishia kwenye mwangwi. Zima kompyuta kwanza.

Nyumbani Tanzania kazi ni ngumu zaidi, na si kwa sababu ya mtandao tu. Huku California diwani ndiye anayepiga kura, mwananchi anatoa maoni. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji nyumbani, kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe, na mkono wake ni kura. Simu moja ikizungukwa na watu 40, nani atazihesabu kura? Mafuriko kama yale ya Rufiji ya Aprili 2024 yakikata njia, suala la wapi pa kuhamia haliwezi kungoja mkutano wa robo ijayo.

Maoni yangu: watu wakutane kwa vitongoji, kila kitongoji na simu moja. Mwenyekiti wa kitongoji ahesabu mikono mbele ya watu, ataje idadi kwa sauti, mtendaji airudie ndipo aandike. Simu ya kawaida huunganisha watu 5 tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo kijiji chenye vitongoji 8 kinahitaji laini ya mkutano iliyoandaliwa na halmashauri kabla ya masika. Spika ielekezwe kwa watu na simu ikae nyuma yake, la sivyo vitapigiana mluzi. Simu zichajiwe tangu jana yake, na ya akiba iwepo.

Na kitongoji kikipotea hewani, kura isipigwe. Muhtasari uandike saa kilipokatika na saa kiliporudi. Kisiporudi, mkutano uahirishwe hadi kesho yake kwa ajenda ileile, hata kama vitongoji vingine vyote vimeshakubaliana.