Watoto Wetu Wanajua Jembe, Wapewe na Daftari la Mradi

Katika shule anayosoma binti yangu hapa Uholanzi, kipindi cha kemia huanza kwa watoto kusimama. Wako katika vikundi vya wanne wanne, na kila kikundi kina bango lake ukutani lenye sehemu tatu: kazi zinazosubiri, zinazoendelea, zilizokwisha. Kwa dakika chache kila mmoja anawaambia wenzake amemaliza nini, leo anafanya nini na amekwama wapi. Vikaratasi vinahamishwa, kazi inaendelea. Mwalimu ametoa lengo, tarehe ya mwisho na vigezo vya kazi iliyokamilika. Nani afanye nini, na kipi kitangulie, wanapanga wao.

Utaratibu huu unaitwa eduScrum. Aliuanzisha mwalimu wa kemia, Willy Wijnands, katika mji wa Alphen aan den Rijn mwaka 2011, akiazima namna ya kazi ya watengenezaji wa programu za kompyuta. Si shule zote zinazoutumia, lakini kila mwanafunzi wa HAVO na VWO, mikondo ya sekondari inayoelekea elimu ya juu, lazima afanye utafiti mkubwa kabla ya kumaliza sekondari, uitwao profielwerkstuk, unaohesabiwa kuwa kazi ya saa 80. Bila ratiba, utafiti huo haukamiliki.

Nikilinganisha na shule tulizosoma Tanzania, naona watoto wetu hawajanyimwa kazi, wamenyimwa kuipanga. Tulilima shamba la shule, tulifuga kuku, tulichota maji na kubeba mchanga wa kujengea vyoo. Mwalimu wa EK, yaani Elimu ya Kujitegemea, akisema kesho kila mtu aje na jembe, tulikuja na majembe. Lakini mbegu zilinunuliwa kwa shilingi ngapi? Mahindi aliuziwa nani? Fedha zilifanya nini? Hayo yalikuwa mambo ya ofisi ya walimu.

Kinachoniuma ni kwamba wazo lenyewe halikuwa hivyo. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka wanafunzi washiriki katika maamuzi. Alitoa mfano ninaoupenda sana: fedha walizozipata, wanafunzi waamue kama wakodi trekta la kutayarisha shamba, au wazitumie kwa jambo jingine na kulima walime kwa nguvu zao wenyewe. Huo ni usimamizi wa mradi, tena wa kweli. Una bajeti, una uamuzi, na mtoto atayaona matokeo yake msimu mzima. Sisi tulichukua jembe, uamuzi tukauacha kwenye karatasi.

Wala tusijidharau tukadhani mambo haya ni ya Wazungu. Nenda kwenye kamati yoyote ya harusi Dar es Salaam. Kuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kuna kamati ndogo ya chakula, ya ukumbi, ya mapambo, ya usafiri. Bajeti inajadiliwa mstari kwa mstari, ahadi zinafuatiliwa kwa simu hadi zilipwe, tarehe haisogezwi hata kwa siku moja, na mambo yakiisha kamati inakutana kuvunjwa na hesabu zinasomwa mbele ya wote. Wanaofanya haya ni watu wa kujitolea, kila mmoja ametoka kazini kwake jioni. Ujuzi huo tunao tele, ila mtoto anatumwa soda za wajumbe kisha anaambiwa akacheze nje.

Ulaya nako kuna upungufu wake. Miradi mingi ya binti yangu inaishia kwenye maelezo mbele ya darasa. Kuku wa shule za kwetu wanakufa kweli chakula kikisahaulika, na hapo mtoto anajifunza jambo ambalo hakuna bango litakalomfundisha.

Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024, wenye mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi, umetupa nafasi nzuri. Kenya walitutangulia na mtaala wa umilisi, unaotazama mtoto anaweza kufanya nini, na yaliyowapata tuyazingatie: wazazi wengi walilalamika kwamba miradi inaletwa nyumbani, na anayekesha akikata na kugundisha ni mama. Mradi ufanyike shuleni, kwa vifaa vilivyopo, na mtoto apimwe kwa mpango wake pia: alikadiria nini, kikatokea nini, akarekebisha vipi.

Najua nitaambiwa darasa lina watoto themanini na mwalimu mmoja. Ni kweli, na walimu wetu wamechoka. Lakini darasa la namna hiyo ndilo lenye haja kubwa zaidi ya vikundi vinavyojiendesha. Kiranja tayari analisimamia darasa mwalimu anapoitwa kikaoni, ila kazi tuliyompa ni kuandika majina ya wapiga kelele. Apewe karatasi ya manila yenye zile sehemu tatu. Kompyuta haihitajiki.

Na sisi tulio nje, tunaochangia madawati kupitia makundi yetu ya WhatsApp, safari ijayo tuombe kwanza darasa la sita litutumie makadirio. Watoto wahesabu madawati yaliyovunjika, waulize bei kwa mafundi watatu, waandike mbao na misumari inahitajika kiasi gani, nani atapokea na lini kazi itakuwa tayari. Fedha zifuate makadirio hayo, na taarifa ya matumizi waiandike wao, waisome kwenye mkutano wa wazazi.