Mwiko wa mkwe uwe wa pande zote

Nimeolewa Buganda, na kuna mila moja ya huko ninayoisifu bila kulipwa: obuko. Mama wa mke na mkwewe wa kiume hawashikani mikono wala hawali pamoja, na wazee wanasema anayevunja mwiko huo atapatwa na kutetemeka mwili. Mama yangu ni mtu wa Jinja, hakukulia mambo hayo, lakini tangu siku ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mume kwa wakwe, ameyashika kuliko wenyewe. Akija, humsalimia mume wangu akiwa mlangoni, anakunywa chai yake, na jua halijazama ameshaondoka. Sijawahi kugombana na mume kwa sababu ya mama yangu.

Mama mkwe sasa. Yeye mwiko haumhusu. Anashuka basi la Masaka na mkungu wa matoke, gunia la majani ya mgomba, na maoni. Mara ya mwisho alifunua sufuria yangu akakuta ndizi zinachemka kwenye gesi bila jani hata moja. "Kitalo!" akasema, kama yuko msibani. Akawasha sigiri kibarazani, ghorofa ya tatu, akamenya zake, akazifunga majani, akazilinda mpaka usiku. Moshi ulipofika kwa jirani wa juu, mlinzi alipanda ngazi mbio na ndoo ya maji.

Mume wangu alikula zangu, akala na za mama, kisha akajilaza kwenye kochi akihema. Mama akaninong'oneza kwamba mwanawe amekonda. Mkanda wa huyo mwana una tundu jipya alilolitoboa kwa msumari, na si upande wa kukonda!

Simwiti mama mkwe mtu mbaya. Matoke yake, kusema kweli, ni matamu kuliko yangu. Ila mila imemwekea mipaka mama wa mke, ya mama wa mume ikasahaulika. Bi harusi hufundwa na ssenga, yaani shangazi yake, namna ya kuishi na wakwe. Nani anamfunda mama wa bwana harusi? Mtaniambia nyumba ni ya mwanawe. Haya, lakini kodi tunalipa wawili.

Nimependekeza obuko yangu mwenyewe: mama akija alale kwa shemeji Kyengera, kwetu aje mchana, aandaliwe kama mgeni wa heshima, na jikoni asiingie. Mume wangu alitikisa kichwa kwa busara, akasema atamfikishia ujumbe. Jana mama amepiga simu kuuliza kama mkaa upo.