Kisigino cha mwanamume kinamuudhi nani?

Nyumbani kwetu kuna picha ya marehemu baba aliyopigwa studio mwaka 1976. Ana afro, shati la kola pana na suruali ya bugaluu inayofagia sakafu. Mpiga picha alimwambia asogeze mguu mmoja mbele, na hapo ndipo viatu vyake vya raizoni vinapoonekana: soli nene kama tofali, kisigino kimepanda vidole vinne vya mkono. Mama anasema alivinunua kwa mshahara wake wa kwanza wa ufundi gereji. Katika ukoo mzima sijamsikia mtu aliyeitazama picha ile akatilia shaka uanaume wake. Tunaitazama tunasema, mzee alikuwa mtanashati.

Naikumbuka kila mjadala huu unapozuka: mwanamume akivaa viatu vya mchuchumio, vile vya kisigino chembamba tunavyovijua kuwa vya kike, akaenda navyo kazini na sokoni bila kuinamisha kichwa, tumhesabu vipi? Anayetajwa sana ni Mark Bryan, Mmarekani anayeishi Ujerumani. Ni mhandisi wa roboti, ana mke na watoto, na picha zake zimezunguka dunia nzima: kuanzia kiunoni kwenda juu ni shati na tai, kuanzia kiunoni kwenda chini ni sketi na visigino virefu. Hachezi jukwaani wala haigizi mwanamke. Anakwenda kazini. Msimamo wake ni kwamba nguo na viatu havina jinsia, na wapo wanaomshangilia na wanaomwona amepotoka.

Nianze na hoja inayotolewa haraka kuliko zote, kwamba kisigino kirefu ni cha mwanamke tangu asili. Hii si kweli. Wapanda farasi wa Uajemi, Iran ya leo, walivaa visigino kwa sababu ya kazi. Mpiga mshale aliye juu ya farasi husimama kwenye vikanyagio, vile vyuma vya kuwekea miguu vinavyoning'inia kando ya tandiko. Kisigino kinang'ang'ania chuma, mwili unatulia, mkono unapata nafasi ya kulenga. Mwaka 1599 mfalme wao, Shah Abbas wa Kwanza, alituma ujumbe Ulaya kutafuta washirika dhidi ya Waosmani wa Uturuki, na vitu vya Kiajemi vikapendwa na wakubwa wa huko, visigino vikiwemo. Mwaka 2015 Jumba la Makumbusho la Viatu la Bata huko Toronto lilifungua maonyesho mazima kuhusu wanaume na visigino. Ndiyo, ni Bata ileile iliyotuvisha viatu vya shule, familia ileile.

Baada ya Waajemi akaja Louis wa 14 wa Ufaransa. Katika picha maarufu aliyochorwa na Hyacinthe Rigaud mwaka 1701, mfalme, akiwa mzee wa miaka sitini na kitu, amepandisha joho lake ili miguu ionekane: soksi nyeupe za kubana na viatu vyenye visigino vyekundu. Wekundu ule ulikuwa alama ya watu wa baraza lake. Kisigino wakati huo kilisema kwamba mwenye nacho hafanyi kazi ya shamba, hatembei matopeni, na yuko karibu na kiti cha enzi. Katika karne ya 18 mavazi ya wanaume wa Ulaya yakaanza kuwa ya kawaida, urembo ukaachiwa wanawake, na ilipofika katikati ya karne hiyo mwanamume hakuwa na kisigino isipokuwa cha buti za farasi. Buti hizo hazijafa. Buti za wachunga ng'ombe wa Marekani zina kisigino kinachofika sentimita 4 au 5, na anayezivaa huhesabiwa dume la madume.

Sisi wenyewe tuna ya kwetu. Mitalawanda ya Pwani ni vipande vya mti vilivyochongwa kumwinua mtu juu ya maji ya bafuni; unaishika kwa msuruaki, kile kijiti kinachokaa kati ya kidole gumba na cha pili, na imevaliwa na wanaume kwa wanawake. Kisha zikaja raizoni. Na tukumbuke zilikuja baada ya nini. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga vita minisketi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana, lianze kazi tarehe 1 Januari 1969. Ndiyo Operesheni Vijana. Hoja ilikuwa utamaduni wetu. Haikupita miaka mingi, vijana wa mijini wakawa juu ya soli za tofali, na leo tunawakumbuka kwa mapenzi kama wazee wetu wa enzi za dansi.

Hata hivyo historia haimalizi ubishi, na sipendi inapotumiwa kumnyamazisha muumini. Kumbukumbu la Torati 22:5 linakataza mwanamume kuvaa nguo za mwanamke. Hadithi iliyopokewa na Ibn Abbas katika Bukhari inawalaani wanaume wanaojifananisha na wanawake, na wanawake wanaojifananisha na wanaume. Anayeishi kwa maneno hayo hasemi kwa chuki. Anasema kwa utii. Lakini ndani ya utii huohuo kuna swali ambalo wanazuoni wenyewe wamelijadili muda mrefu: lipi ni vazi la mwanamke? Mara nyingi jibu huangalia ada ya mahali na wakati. Kikoi kiunoni mwa mvuvi wa Lamu si sketi, kanzu si gauni, na Mskoti aliyevaa kilti hajavaa nguo ya mkewe. Kwa ada ya leo, hapa kwetu, kiatu cha kisigino chembamba cha sentimita 10 ni cha kike, na anayekivaa anajua hivyo. Kwa hiyo mwenye kukataa kwa dini ana hoja yenye mashiko kwa leo. Asichoweza kudai ni kwamba ilikuwa hivi daima, wala kwamba itabaki hivi.

Hoja inayonigusa zaidi inatoka kwa wanawake. Dada yangu alifanya kazi mapokezi ya hoteli moja. Saa nane za kusimama juu ya visigino, kwa amri ya meneja. Chini ya kaunta alificha kandambili, akizivaa mgeni akigeuka na kuzivua mwingine akiingia. Alikuwa akirudi nyumbani anakaa kwenye ngazi ya mlango, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, kidole kidogo kimechubuka mpaka ngozi ya ndani, hataki kuongea na mtu. Huko London, Desemba 2015, Nicola Thorp alirudishwa nyumbani bila malipo siku yake ya kwanza ya kazi ya mapokezi kwa sababu alikuja na viatu vya chini. Ombi lake kwa bunge lilipata saini zaidi ya 150,000, lakini serikali ikajibu kwamba sheria zilizopo zinatosha. Mwaka 2019 huko Japani, Yumi Ishikawa aliongoza kampeni kama hiyo.

Sasa mwanamke wa namna hii anapomwona mwanamume akishangiliwa kwa ushujaa wa kuvaa kitu ambacho yeye analazimishwa kuvaa, ana haki ya kuona uchungu. Mwanamume akichoka anavua, na kazi yake ipo palepale. Kuna wanaojibu kwamba wanaume wakivaa kwa wingi, kiatu kitaacha kuwa sare ya kike na amri itakosa msingi. Inawezekana, lakini naona ni njia ndefu mno ya kumpa dada yangu viatu vya chini. Anayetetea haki ya mwanamume kuvaa kisigino angepaswa kwanza kuonekana mstari wa mbele akitetea haki ya mwanamke kukivua. Nikimwona huko, nitamwamini.

Halafu kuna mguu wenyewe, ambao haujui jinsia. Kisigino kikipanda, uzito unasukumwa mbele kwenye mifupa iliyo chini ya vidole. Msuli wa shavu la mguu unabaki umejikunja; ukivaa kila siku kwa miaka, ile kano kubwa ya nyuma ya kisigino inakakamaa, na siku ukivaa kandambili unaumia. Magoti nayo yanabeba zaidi. Kwa mwanamume kuna taabu nyingine: viatu vingi vya mchuchumio madukani huishia namba 41 au 42. Mwenye mguu wa 44 atajibana, na kiatu cha kisigino kinachobana kinapinda kidole gumba kuliko kitu kingine. Kwa anayekusudia kuvaa kila siku, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na wanaosifu kujiamini wanairuka.

Na kujiamini kwenyewe tukuseme vizuri. Bryan anatembea katika nchi ambayo jirani akinuna, atanuna tu. Kijana wa Mbagala au Eastleigh akipanda daladala au matatu na mchuchumio, ataitwa majina kabla hajakaa, atadhaniwa mapenzi yake ni ya namna fulani, na anaweza kupigwa. Kiatu hakisemi lolote kuhusu nani anampenda nani, lakini ngumi haingoji maelezo. Kumwambia kijana huyo ajiamini tu ni kumtwika peke yake mzigo ambao ni wa abiria wote. Nami nasema wazi: kutopenda kiatu cha mtu ni haki yako, kumgusa kwa sababu ya kiatu chake si haki ya yeyote.

Kwa upande wangu, siwezi kumwona mwanamume wa mchuchumio kama mkosaji. Simshauri kuvaa kila siku, kwa sababu ya magoti. Lakini ninapowasikiliza wanaomlaani nasikia kitu kingine chini ya hoja zao, kwa maana urefu wenyewe tunaupenda. Mitandaoni zinauzwa soli za ndani za kumwongezea mwanamume sentimita kadhaa bila mtu kujua, na wanunuzi hawakosekani. Tunachoshindwa kuvumilia ni mwanamume anayetaka kuonekana amependeza na asiifiche haja hiyo.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa fundi viatu wa pale kituoni kwetu, nasubiri kushonewa ndala. Kijana wa suti aliketi kwenye benchi, akavua kiatu cheusi cha kawaida cha ofisini, akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna kitu kimeachia ndani. Fundi akaingiza mkono, akatoa kabari ya sponji ngumu, nyembamba mbele na nene nyuma, kama sentimita 5. Akaiinua juu kwenye mwanga kuitazama. Kijana akamshika mkono, akaushusha haraka, akageuka kutuangalia sisi tuliokuwa tumekaa. Hakuna aliyesema kitu. Fundi akapaka gundi, akairudisha, akakandamiza kwa dole gumba mpaka ikashika. Kijana akavaa, akafunga kamba, akasimama mrefu kuliko alivyokaa, akalipa na kuvuka barabara.