Huyo Bibi Titi Alikuwa Mke wa Nani?

Foleni ilikuwa imekaza barabara ya Bibi Titi, konda amechoka hata kupiga debe, abiria tunafutana majasho. Mbele yangu wamekaa vijana wawili. Mmoja akatazama kibao cha barabara, akamuuliza mwenzake: "Hivi huyu Bibi Titi alikuwa mke wa nani?" Mwenzake akafikiri kidogo. "Wa rais fulani wa zamani, nadhani."

Mke wa nani! Mkono uliniwasha. Kisha nikajiuliza anayestahili kofi ni nani hasa, maana hata mimi shuleni nilikaririshwa tarehe tu: 7 Julai 1954 TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961 Uhuru, na hapo katikati Mwalimu Nyerere anatembea peke yake kama Musa na fimbo yake. Bibi Titi Mohamed alipewa nusu sentensi: "pamoja na akina mama." Pamoja!

Hebu turudi 1955. Wakoloni walikuwa wameshatoa waraka, mwaka 1953, kuwakataza watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa. Basi makarani wetu, wenye suruali zilizopigwa pasi na Kiingereza cha kuandikia barua, wengine waliipenda TANU usiku na kuikana asubuhi. Siwalaumu sana, mtu ana watoto. Lakini mchana kweupe abaki nani? Anabaki mama muuza maandazi, asiye na bosi wa kumwandikia barua ya onyo. Na huyo mama alikuwa na kitu ambacho wasomi hawakuwa nacho: ngoma.

Titi hakuwa amefika hata miaka 30, na darasani alikaa miaka michache tu, lakini ndiye aliyekuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Msidhani lelemama, ngoma ya wanawake, ilikuwa kukata kiuno tu. Vikundi vile vilikuwa na viongozi wao, michango yao, na desturi ya kufuatana harusini na misibani. Ukimpata kiongozi wa ngoma, umewapata walio nyuma yake wote, na hao ni watu waliozoea kushika fedha za wenzao na kutunza siri. Titi alizipitia ngoma hizo moja baada ya nyingine, na katika miezi michache maelfu ya wanawake wakawa na kadi za TANU. Tunaita hiyo "kushiriki". Angefanya mwanamume mwenye shahada tungeiita mkakati.

Marehemu bibi yangu alikuwa akisema walienda mkutanoni kusikiliza sauti, siasa ikawakuta huko huko. Bibi alikuwa na chumvi nyingi, nakubali. Ila kadi yake ya TANU tuliikuta sandukuni, imefungwa ndani ya kanga.

Najua kuna watakaoniuliza: mbona husemi alihukumiwa kwa uhaini? Nasema. Alikamatwa 1969, akapandishwa kizimbani 1970, akapewa kifungo cha maisha, akatoka 1972 kwa msamaha wa rais. Kabla ya hapo Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limewakataza viongozi kupangisha nyumba, naye nyumba za kupangisha alikuwa nazo. Hapo, kwa shingo upande, namwelewa Mwalimu pia. Lakini kwa mwanamke wa mjini wa wakati ule, nyumba ya kupangisha ndiyo iliyokuwa pensheni. Nadhani ni miaka hiyo ya kesi na kifungo inayotutia aibu. Hatujui tumwambie nini mtoto kuhusu mwanamke aliyepigania nchi kisha akafungwa na nchi hiyo hiyo, basi tunaona heri tusimtaje kabisa. Alipofariki mwaka 2000 alikuwa ameshasamehewa miaka 28. Vitabu vyetu bado vinasitasita.

Lucy Lameck wa Moshi, mwanamke mwingine wa TANU, hata sijamgusa. Yeye nitamkasirikia siku yake.

Niliinama nikawaambia wale vijana hakuwa mke wa rais yeyote. Mmoja akachomoa spika sikioni. "Sasa alikuwa nani, mama?" Nikaanza na Bomba. Nilipofika kwenye ule waraka wa 1953 foleni ikafunguka, konda akaita Mnazi Mmoja, wakasimama. "Asante, mama," akasema, kwa adabu kabisa, akarudisha spika sikioni akashuka.